NADHARIA KUU ZIMERUDI: NANI ATAZIPIMA?

Yako maneno ambayo mfanya kazi akiyasikia hudhani hayamhusu. Neno "nadharia" ni mojawapo. Akilisikia katika mkutano wa tawi huegemea kiti chake na kungoja msemaji amalize, ili yapate kusemwa mambo ya mshahara, ya bei ya sukari na ya maji ya bomba. Sisi twasema kwamba mfanya kazi huyo anakosea, na kwamba kosa hilo limekwisha kumgharimu zaidi ya mara moja. Mshahara, sukari na maji ya bomba vyote hupangwa kwa kufuata nadharia ya mtu fulani, ambaye aliketi mahali fulani akaamua jinsi jamii ya watu inavyokwenda na jinsi ipasavyo kwenda. Asiyeijua nadharia hiyo hupangiwa. Aijuaye aweza kubisha.

Leo twapenda kuzungumza na wanachama na wafanya kazi juu ya jambo moja katika fikra za dunia, nalo ni kurudi kwa nadharia kuu. Kwa jina hilo twakusudia zile fikra zinazojaribu kueleza jamii nzima kwa pamoja: mali hutoka wapi, nani ana haki ya kutawala, haki yenyewe ni kitu gani, na historia ya wanadamu inaelekea wapi. Fikra za namna hiyo zilitangazwa kuwa zimekufa. Hazikufa. Na kwa kuwa zimerudi, hatuna budi kuuliza zitapimwa na nani. Jibu letu, ambalo tutalitetea kwa mifano ya Morogoro na milima ya Uluguru, ni kwamba nadharia kuu yahitajiwa sana, lakini haistahili kuitwa kweli mpaka imejibu maswali ya wale watakaoibeba mgongoni.

WALIOTANGAZA MAZISHI

Mwaka 1956 mwanachuoni mmoja wa Cambridge, Peter Laslett, aliandika kwamba kwa wakati ule falsafa ya siasa ilikuwa imekufa. Mwaka 1959 Mmarekani C. Wright Mills alitoa kitabu juu ya elimu ya jamii, akawashambulia wataalamu waliojenga nadharia kubwa za maneno yasiyogusa ardhi. Yafaa ikumbukwe kwamba Mills aliwashambulia kwa ukali uleule wataalamu wa upande wa pili, wale wanaohesabu vitu vidogo vidogo na kujaza majedwali bila kuuliza swali lolote kubwa. Mwaka 1960 Daniel Bell, naye Mmarekani, alitoa kitabu chenye kudai kwamba itikadi zimefika mwisho. Kwa watu kama hao, kazi iliyobaki ilikuwa ya mafundi tu: kukaza parafujo hapa, kutia mafuta pale.

Lakini marehemu hakukaa kaburini. Mwaka 1971 John Rawls wa chuo cha Harvard alitoa kitabu kikubwa juu ya haki. Akawaomba wasomaji wafikiri kwamba wanatunga kanuni za nchi wakiwa nyuma ya pazia, bila mtu kujua kama yeye mwenyewe atazaliwa tajiri au maskini, mwenye nguvu au mgonjwa. Kanuni ambazo wangezikubali katika hali hiyo, alisema Rawls, ndizo za haki. Ujerumani, Jürgen Habermas alijenga nadharia ya jamii ambayo msingi wake ni mazungumzo ya watu walio huru. Ufaransa, Michel Foucault alichunguza jinsi elimu na mamlaka zinavyolishana. Mwaka 1985 Quentin Skinner wa Cambridge alikusanya kitabu juu ya wanafikra wa namna hii, akakiita kwa jina la kurudi kwa nadharia kuu. Sura za kitabu hicho zilianza kama mazungumzo ya redio katika BBC. Jambo hilo lapaswa kuwafariji wale wanaodhani kwamba mambo haya hayawezi kusikilizwa na mtu aliyetoka kazini.

Watangaza mazishi hawakukata tamaa. Mwaka 1979 Mfaransa Jean-François Lyotard alisema kwamba watu wa zama hizi hawayaamini tena masimulizi makubwa ya historia. Mwaka 1989 Francis Fukuyama wa Marekani aliuliza kama historia yenyewe haijafika mwisho wake, yaani kwamba hakuna tena mfumo wa kushindana na ubepari na kura zake. Lakini angalieni: kusema kwamba historia imekwisha ni nadharia kuu, tena kubwa kupita nyingi! Ulipofika mwaka 2008 mabenki ya nchi tajiri yakaanguka, watu wakaanza tena kuuliza maswali ya mababu. Mwaka 2013 Thomas Piketty wa Ufaransa alitoa kitabu kinene juu ya mtaji na tofauti za mali, kikasomwa duniani kote kama gazeti.

KWETU HAZIKUPATA KUFA

Wanafikra tisa au zaidi wamo katika kitabu kile cha Skinner. Wawili kati yao, Louis Althusser na Jacques Derrida, walizaliwa Algeria, lakini kazi yao waliifanya Ufaransa. Sura juu ya mwanafikra wa pande zetu hizi haimo. Basi mtu asomaye huko aweza kudhani kwamba nadharia kuu zililala kutoka mwaka 1950 hivi mpaka mwaka 1971, kisha zikaamka.

Kwetu hazikulala hata usiku mmoja. Miaka ileile ambayo Laslett na Bell walikuwa wakichimba kaburi, Tanganyika ilikuwa ikidai Uhuru kwa hoja juu ya usawa wa binadamu. Aprili 1962 Mwalimu Nyerere alitoa kijitabu chake juu ya ujamaa, akisema kwamba msingi wa usoshalisti wa Afrika ni jamaa, wala si vita vya matabaka. Februari 1967 Azimio la Arusha likatangazwa, na watu wakatembea kwa miguu mamia ya maili kuliunga mkono. Kutoka Aprili mpaka Mei 1969, hapa Morogoro, wapigania uhuru wa Afrika ya Kusini wa chama cha ANC walikutana wakashindana kwa hoja juu ya nani ni mwananchi wa nchi yao na vita vyao ni vya nani. Walitoka na waraka wa mkakati na mbinu, na wakawafungulia mlango wa uanachama, kwa walioko nje ya nchi, watu wa rangi zote. Mwaka 1972 Walter Rodney, aliyekuwa akifundisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, alitoa kitabu kilichoeleza jinsi Ulaya ilivyoidumaza Afrika. Issa Shivji naye aliandika juu ya matabaka ya Tanzania, maandishi ambayo hayakuwapendeza wakubwa wengi. Mwaka 1996 Mahmood Mamdani, ambaye alipata kufundisha Dar es Salaam, alitoa kitabu kilichoeleza utawala wa kikoloni wa Afrika nzima kwa wazo moja: mjini palikuwa na raia, shamba palikuwa na mtwana wa sultani aliyewekwa na mkoloni.

Hivyo basi kwetu habari haikuwa ya maiti kufufuka. Sisi tulikuwa tukiishi ndani ya nadharia, tukizijenga na kujengewa. Na ndiyo maana sisi, kuliko wasomi wa Cambridge, twaweza kusema nini hutokea nadharia ikishuka kutoka kwenye karatasi mpaka kwenye jembe.

MATUTA YA MATOMBO

Mtu akisimama Mzinga, chini ya Uluguru kwa upande wa mji wa Morogoro, auona mlima wote ulivyo mbele yake: mashamba yamepanda mpaka karibu na msitu, na mito inateremka. Mto Mzinga wenyewe ni mmoja wa ile inayolijaza bwawa la Mindu, ambalo watu wa Morogoro hunywa maji yake. Upande wa pili wa mlima maji huteremka mpaka Ruvu, na Ruvu huinywesha Dar es Salaam. Kwa hiyo mkulima wa juu na mfanya kazi wa chini wamefungwa kwa kamba moja, hata kama hawajapata kuonana.

Mlima huu umepandwa na nadharia kuu tatu katika maisha ya mtu mmoja mzee.

Ya kwanza ilikuwa ya mkoloni. Katika miaka ya 1930 upepo ulipeperusha udongo wa mashamba makubwa ya Marekani, na hofu ikawaingia watawala wa Waingereza katika Afrika yote. Wakatunga nadharia: Mwafrika analima vibaya, idadi yake inaongezeka, udongo unakwisha, na hana akili ya kuuokoa, basi aokolewe kwa amri. Kwa Uluguru nadharia hiyo ilikuja mwanzoni mwa miaka ya 1950, kwa jina la mpango wa matumizi ya ardhi. Kila mtu aliamriwa kuchimba matuta ya ngazi katika miteremko, na asiyechimba aliadhibiwa. Amri zilipitia kwa Sultani Sabu na utawala wake wa wenyeji, ambao haukuwa mila ya Waluguru hata kidogo. Wao tangu zamani walikuwa na koo, kila ukoo na ardhi yake na mzee wake, na urithi ukipita upande wa mama.

Watu wakaona nini? Waliona kwamba udongo mwema wa mlimani ni wa unene wa kiganja tu. Ukikata ngazi, udongo mwema huenda chini na ule mwekundu usio na chakula huja juu, na mahindi yanatoka ya manjano. Waliona kwamba kazi ni ngumu na siku zake huibwa kutoka shamba lenyewe. Na wengi waliokuwa wakilima ardhi ya ukoo usio wao waliuliza: nikijenga tuta la kudumu katika ardhi ya watu, tuta hilo ni la nani? Wengine walihofu kwamba ardhi ikiisha kutengenezwa itachukuliwa. Maswali hayo hayakuwa na mahali pa kuulizwa. Julai 1955 yaliulizwa kwa umati wa watu huko Matombo. Polisi wakaja, risasi zikapigwa, na mtu mmoja akauawa. Baada ya hapo mpango ukaachwa.

Wanachama yafaa wajue pia jambo moja ambalo si rahisi kulisema. Patrick Kunambi, mmoja wa waasisi wa TANU mwaka 1954, alikuwa wakati huo akiutumikia utawala ule wa wenyeji. Hatulisemi kwa kumlaumu. Twalisema ili ionekane kwamba nadharia ikishika utawala huwafunga hata watu wema ndani yake.

Wala tusidhani kwamba tuta lenyewe lilikuwa kitu kibaya. Mgeta, upande wa magharibi wa mlima huohuo, ambako mboga hulimwa kwa kumwagilia maji na kupelekwa sokoni, matuta yalikaa na wakulima wanayatumia. Mboga huilipa kazi ya kuchimba. Mahindi ya Matombo hayakuilipa. Kosa basi halikuwa katika tuta. Kosa lilikuwa katika nadharia iliyoona mteremko mmoja na Mwafrika mmoja, mahali ambapo palikuwa na miteremko mia na watu wenye hesabu zao.

VIJIJI NA KIWANDA

Nadharia ya pili ilikuwa yetu wenyewe, na kwa hiyo inatupasa tuiseme kwa uangalifu zaidi, si kwa uangalifu mdogo. Septemba 1967 Mwalimu aliandika juu ya ujamaa vijijini, akasema wazi kwamba vijiji vya ujamaa haviwezi kuundwa kwa nguvu, maana ujamaa ni imani na imani hailazimishwi. Huko Ruvuma vijiji zaidi ya kumi, Litowa kikiwa cha kwanza, vilikuwa vimekwisha kujiunga vyenyewe katika chama chao cha maendeleo, vikiwa na mikutano yao na shule yao. Watu walitoka mbali kwenda kuvitazama. Septemba 1969 chama hicho kilivunjwa kwa uamuzi wa Kamati Kuu. Novemba 1973 ikatangazwa kwamba kuishi katika vijiji ni amri, na kazi iishe mwaka 1976. Mamilioni ya watu wakahamishwa, wengine kwa malori, na nyumba nyingine zikachomwa ili wenyewe wasirudi.

Nadharia ile ilikuwa nzuri kuliko ya mkoloni. Ilitaka shule, zahanati na maji kwa kila mtu, na mahali pengi ilivileta. Lakini kwa njia ya kuitekeleza ilifanana na ile ya matuta. Ilipokuwa ikiulizwa maswali na watu wa Ruvuma ilikuwa hai. Iliponyamazisha maswali ikabaki ramani yenye mistari iliyonyoka. Mwalimu mwenyewe, katika maandishi yake ya mwaka 1977 ya kuutazama muongo mmoja tangu Azimio, alieleza mengi yaliyoshindikana. Huo ulikuwa mfano mwema wa kiongozi kuipima nadharia yake. Hasara ni kwamba kipimo kilikuja baada ya mavuno.

Wafanya kazi wa mjini nao wana mfano wao. Katika zama hizohizo kilijengwa Morogoro kiwanda cha viatu kwa fedha za Benki ya Dunia. Nadharia yake ilipendeza masikioni: tuna ng'ombe, kwa hiyo tuna ngozi, kwa hiyo tutatengeneza jozi milioni 4 kwa mwaka na kuuza sehemu kubwa yake Ulaya. Kuta zilikuwa za bati la aluminiamu na hewa haikupita, kana kwamba jua la Morogoro ni la Denmark. Vipuri na malighafi vilikosekana. Kiwanda hakikupata kufikia hata sehemu 5 kwa 100 ya nguvu zake, na mwaka 1990 kikafungwa. Mtu wa kushona viatu angaliweza kuwaambia wapangaji mengi kabla ya msingi kuchimbwa, kama angaliulizwa.

NADHARIA ISIYOJITAJA JINA

Hapa ndipo wako watakaosema: "Basi yametosha. Tuziache nadharia zote, tufuate mambo kama yalivyo." Maneno haya yanasikika kuwa ya busara, na husemwa sana tangu Agosti 1986, nchi ilipopatana na Shirika la Fedha la Kimataifa, na tangu Februari 1991, masharti ya uongozi ya Azimio la Arusha yalipolegezwa huko Zanzibar. Lakini hebu tuyatazame.

Ilipoamuliwa kwamba mashirika ya umma yauzwe, kwamba mgonjwa achangie matibabu, kwamba bei iachiwe soko, je, hayo hayakuwa nadharia? Yalikuwa nadharia kuu: kwamba kila mtu akifuata faida yake, jamii nzima itafaidika. Yaweza kuwa na ukweli ndani yake, na yaweza kuwa na uongo. Tofauti ni kwamba ujamaa ulikuja na jina lake na kitabu chake, nasi tukaweza kuupima na kuulaumu mpaka leo. Nadharia ya soko iliingia bila hodi, ikajiita "hali halisi", na mtu hawezi kubishana na hali halisi. Huyo ndiye mgeni wa hatari, anayeingia nyumbani akadai kwamba yeye si mtu bali ni upepo.

Uluguru pia nadharia hiyo ya tatu ilifika. Kuanzia mwaka 2006 hivi mashirika ya CARE na WWF yalianzisha huko Kibungo Juu mpango wa namna mpya: mkulima akitunza udongo ili maji ya Ruvu yashuke safi, mtumiaji wa maji amlipe. Kampuni ya maji ya Dar es Salaam, DAWASCO, na kiwanda cha Coca-Cola Kwanza walikuwa miongoni mwa waliotoa fedha. Na mkulima alilipwa kwa kazi gani? Pamoja na kupanda miti na kuacha kuchoma mashamba, kwa kuchimba matuta! Tuta lilelile ambalo kwa ajili yake mtu alipigwa risasi mwaka 1955, nusu karne baadaye lilichimbwa kwa hiari na kwa malipo.

Twaweza kufurahi kwa hilo, maana hapa kwa mara ya kwanza jasho la mtu wa mlimani lilitambuliwa kuwa ni kazi, na kazi ina ujira. Lakini tuulize pia. Fedha za wafadhili zikiisha, nani ataendelea kulipa? Asiye na ardhi yake, au mwanamke anayelima ardhi ya ukoo wa mumewe, malipo yatamfikia? Na kama maji ni bidhaa, mfanya kazi wa Manzese au wa Kihonda asiye na fedha za kuinunua atakunywa nini? Nadharia ya soko yajua bei; maswali haya hayakai katika safu ya bei.

JINSI YA KUIPIMA

Hatusemi basi kwamba nadharia kuu ziachwe. Mtu akatazaye nadharia kuu kwa sababu zilituumiza ni sawa na mtu akatazaye moto kwa sababu nyumba iliungua. Jioni atakula kibichi. Bila nadharia, mfanya kazi hawezi kuona kwamba shida ya kiwanda chake na shida ya mkulima wa Matombo zina mzizi mmoja. Ataona tu mkuu wake mkali na jirani yake mvivu. Nadharia ndiyo inayounganisha jembe na nyundo. Bila hiyo ni vyombo viwili vya chuma tu.

Lakini itapimwa vipi? Twatoa vipimo vitatu, ambavyo mwanachama yeyote aweza kuvitumia katika mkutano wa tawi bila kuwa na shahada.

Kwanza, kipimo cha Rawls, kikishushwa mpaka mlimani. Aliyetunga mpango aulizwe: kama hujui utaamka kesho ukiwa ofisa mwenye gari au mama mwenye jembe katika mteremko wa Matombo, je, ungeukubali mpango huu? Ofisa wa mwaka 1952 asingekubali kuchimba tuta lile bila ujira ili avune mahindi ya manjano. Kwa hiyo mpango ule haukuwa wa haki hata kabla haujashindwa.

Pili, kipimo cha Mamdani. Je, nadharia hii inamhesabu mtu wa shamba kuwa raia, au kuwa mtwana wa kuamriwa? Nadharia nyingi zetu zimemsifu mkulima katika utangulizi na kumwamuru katika sura ya mwisho. Kila bwawa la Mindu linapopungua maji, husikika sauti mjini kwamba wakulima wa mlimani waondolewe. Yawezekana kwamba katika chemchemi fulani ni lazima kweli pasilimwe. Lakini anayesema hivyo aeleze watu hao wataishi wapi na watakula nini, tena awaeleze wao wenyewe, akiwa amesimama kwao.

Tatu, je, nadharia ina mahali pa kupokea jibu? Nadharia ya matuta haikuwa na mahali pa kuandika kwamba udongo ni mwembamba. Operesheni Vijiji haikuwa na mahali pa kuandika kwamba kijiji kipya kiko mbali na mashamba. Nadharia isiyoweza kusikia "hapana" ni amri iliyovaa kanzu ya elimu. Ile iwezayo kusikia, ikajirekebisha, hiyo ndiyo elimu kweli, hata kama aliyeitunga hakuvuka darasa la saba.

WAJIBU WA MATAWI

Haya si mambo ya kale. Julai 2025 huko Dodoma ilizinduliwa Dira ya Taifa ya Maendeleo 2050. Inataka kwamba kufikia mwaka huo uchumi wa nchi uwe wa dola trilioni 1, na Mtanzania awe mtu wa nchi ya kipato cha kati cha juu. Hilo ni lengo la heshima, na hatulibezi. Lakini dira kama hiyo nayo imejengwa juu ya nadharia kuu: juu ya nini kinaleta mali, nani atazalisha, na nini mkononi mwa dola na nini mkononi mwa mfanya biashara. Trilioni moja yaweza kupatikana kwa njia nyingi, na si njia zote zinapita katika nyumba ya mfanya kazi.

Twawataka basi wanachama wasiipokee kama wimbo wa kuitikia kiitikio tu. Kila tawi lifungue waraka huo na kutafuta nadharia iliyomo ndani yake, maana imo hata pale isipojitaja. Wafanya kazi wa viwanda vya Morogoro waulize nafasi yao ni ipi katika trilioni hiyo: ya mwenye sauti, au ya mkono tu. Wakulima wa Uluguru waulize kuhusu ardhi na maji, na waulize mapema, kabla vigingi havijapigwa. Wasomi wa Mzumbe na wa Sokoine, ambao mlima huu wauona kila asubuhi kutoka madirishani mwao, wapande huko na daftari tupu, wasipande na majibu yaliyokwisha kuandikwa.

Na viongozi, kwa upande wao, wasimwone mwenye kuuliza kuwa adui. Watu wa Matombo hawakuwa maadui wa udongo, wala watu wa Litowa hawakuwa maadui wa ujamaa. Wote walikuwa wakiujua mteremko wao. Mikutano ya matawi ianze kazi hii mwezi huu, na maswali yatakayotoka yaandikwe na kupelekwa juu kama yalivyoulizwa, bila kupambwa.